Mchunga wa Kinangop

Mama alinitumia picha saa tatu asubuhi, niko kazini kwenye mashamba ya chumvi Gongoni. Rundo la majani kwenye ungo, na maua ya manjano yamelegea juu yake. Chini akaweka ujumbe wa sauti. Dada yangu Linet karudi jana kutoka Kinangop, alikokwenda na akina mama wa kanisa, na huko mlimani kakuta mchunga umejiotea kwenye nyasi za majimaji, wenyeji hawana habari nao, akajaza mfuko mzima.

"Lakini huu nikiuvunja hautoi maziwa," mama akasema. "Hebu nitazamie, wewe uliyesoma. Ni mchunga kweli?"

Mimi nilisoma mambo ya mimea chuoni miaka miwili na nusu, nikaacha. Kwetu Mambrui, upande wa bara, wanahesabu miaka, kuacha hawahesabu. Na mchunga kila Mgiriama anaujua tangu ana meno mawili: mboga chungu, maua manjano, ukiuvunja unatoa maziwa meupe. Watu huuchemsha. Mama tumbo likimsumbua huuponda mbichi, akakamua maji yake akanywa kikombe kizima.

Nikajibu bila hata kuikuza picha. Nikamwambia huo ndio wenyewe, mchunga wa milimani, na maziwa hautoi kwa sababu yameganda kwa baridi. Nikaongeza ampe na baba kidogo, atarudi ujanani. Mama akajibu haya, akirudi kisimani ataponda. Nikacheka peke yangu, koleo mkononi.

Saa tano, wakati wa chai, nikataka kumwonyesha Faki, mwenzangu wa kazi, vile nilivyomchezea mama. Nikaikuza picha. Kicheko kikanikauka.

Ua la mchunga lina vijinyuzi vingi, limejaa kama brashi. Haya yalikuwa na petali tano tu, za mviringo, zinang'aa kama zimepakwa samli. Nililijua ua lile. Mwalimu alituletea mwaka wa pili, akatukataza kulishika kisha kujipangusa macho. Alisema utomvu wake mbichi unaunguza kuanzia mdomoni mpaka tumboni. Alichosema baada ya hapo sikukisikia. Nilikuwa chini ya meza, namfunga jirani yangu kamba za viatu.

Nikapiga simu. Mama hashiki. Ya Linet imezimwa. Nikampigia bi Shekha, jirani yetu, nikamwomba akimbie akamwambie mama asinywe kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha kwa upole wake akanikumbusha kuwa mwezi jana nilimfanya amwage mtungi mzima wa maji kwa ajili ya nyoka asiyekuwemo. Nikaapa. Akasema hata siku ile niliapa. Akakata.

Nikapanda pikipiki ya Dzombo wa bodaboda. Njia nzima nikawa napiga hesabu kichwani: sasa katoka kisimani, sasa anaponda, sasa anakamua. Dzombo akauliza nani kafa. Nikamwambia aongeze mwendo.

Mama nilimkuta uani kaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kinu mbele yake, kikombe mkononi. Kimejaa.

"Mama, weka chini. Hiyo sumu."

Akanitazama, akamtazama Dzombo, akitafuta nani atakayeanza kucheka.

"Asubuhi umesema dawa, saa hizi sumu," akasema. "Nishike lipi, Ziro?"

"Shika hili."

"Yaani umeacha kazi uje unichezee mimi? Na tumbo linaniuma tangu juzi."

Nikampokonya kikombe nikamwaga. Hakugomba. Alivuta ungo, akatia konzi nyingine kinuni, akashika mchi. Nikaona hapa nikimwaga mara kumi ataponda mara kumi, na nikiondoka atakunywa.

Nikachota majani nikatia mdomoni, nikatafuna.

Mwanzo sikusikia kitu. Majani tu, kama anavyosikia mbuzi. Kisha ulimi ukawaka, na moto ukapanda puani na kushuka kooni. Nikatema. Machozi na mate vinanitoka pamoja. Dzombo akapiga makofi. Mama akaendelea kutwanga.

"Umeanza," akasema.

Nilitaka kusema kweli mama, maneno hayakutoka. Nikamshika mkono nikaupeleka mdomoni mwangu. Mdomo wa chini ulishavimba, na ndani yake lengelenge. Kidole chake kikapita pale, kikarudi, kikapita tena taratibu. Mchi ukaanguka.

Akanipanua mdomo kwa mikono miwili kama mbuzi mgonjwa.

"Umemeza?"

Sikujua. Nikamwonyesha kwa vidole: kidogo.

Alinisukutua kwa maji ya mtungini mara tatu. Dzombo hakucheka tena, alikuwa ashawasha pikipiki. Mama akapanda nyuma yangu bila viatu, akanibana katikati yao, na majani kayafunga kwenye ncha ya leso ili daktari ayaone. Kila tuta alinisemea sikioni, "Tumbo je?" Nami nikatikisa kichwa, hapana.

Tulipofika lami akauliza tena. Safari hii niliuchukua mkono wake nikauweka tumboni, palipoanza kuwaka.