Ng'ombe wa Darasa la Tatu

Mwalimu Gozbert alikuwa mtu mpole, na darasa la tatu walilijua hilo siku ya kwanza, kabla hajamaliza kuandika tarehe ubaoni. Alikuwa ametoka Bukoba kuja kufundisha Kiingereza katika shule ndogo ya Manzese, nyuma ya karakana za maseremala. Darasa lilikuwa na watoto arobaini na watatu. Msumeno ukilia upande wa pili wa ukuta, wao walipandisha sauti ili waushinde, ukizimwa, hawakushusha. Walirushiana vifutio, wakapanda madawati, wakapigana kwa mabegi. Alijaribu kuwanunia, wakadhani anaumwa, wakamwimbia. Akajaribu kuwapigisha makofi ili watulie, wakapiga makofi mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Fimbo ilikuwa marufuku. Mwalimu mkuu, Madam Felicitas, hakutaka hata kuisikia. "Hapa hatuchapi mtoto, Mwalimu. Tumia mbinu."

Mbinu ilimjia Jumatatu moja, sauti ikiwa imemkauka. Akaandika ubaoni kwa Kiswahili, ili asitokee wa kusema hakuelewa: KELELE RUKSA, LAKINI KWA KIINGEREZA TU.

Watoto wakasoma. Wakanyamaza. Talha, mtoto wa fundi friji, ambaye hata akila alikuwa anaongea, alisimama, akafungua mdomo, akaufunga, akakaa. Kwa siku mbili Gozbert alifundisha kama yuko kanisani. Alisikia hata mlio wa saa ya ukutani, ambayo siku zote alidhani ni mbovu.

Siku ya tatu Talha alimsukuma Naima kwenye foleni ya kusahihishiwa madaftari. Naima akageuka, machozi yakimlenga. Alitafuta neno la kumwambia, hakulipata. Kiingereza chote alichokuwa nacho ni cha kwenye kitabu cha darasa, ukurasa wa kwanza mpaka wa kumi na nne.

"This is a window!" akamfokea.

Talha alirudi nyuma hatua moja. Halikuwa jambo dogo kuitwa dirisha mbele za watu. "My uncle is a farmer!" akajibu.

Naima akamsogelea. Akamwekea kidole karibu kabisa na pua, akasema polepole, neno moja moja: "The cow gives us milk."

Darasa zima likaguna. Talha akaangua kilio.

Gozbert alibaki na chaki mkononi, hajui aanzie wapi. Hakuna aliyevunja sheria. Na sentensi zote zilikuwa sahihi, hata ile "s" ya mwisho wa "gives", ambayo aliihangaikia mwezi mzima.

Kesho yake asubuhi Mzee Nassibu, baba yake Talha, alikuwa ofisini, bisibisi mfukoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwalimu, mwanangu jana hakula. Kuna mtoto kamtukana. Mie Kiingereza hakinipandi, hebu nisomee." Akatoa kikaratasi alichoandika Talha.

Gozbert akasoma. "Inasema, ng'ombe hutupa maziwa."

"Anayatupa kwa nini?"

"Hayatupi, mzee. Anatupa sisi."

"Anatutupa sie?" Mzee Nassibu akainuka kwenye kiti. "Na bado unasema si tusi?"

Kabla Gozbert hajajieleza, aliingia Bi Mwamvita, mama yake Naima, muuza vitumbua, mikono bado ina unga. Naye alikuwa na lake.

"Mwalimu, mwanangu kaambiwa mjomba wake mkulima. Mjomba wake Naima ni kaka yangu mie, anapokea wageni hotelini Mbezi Beach. Jembe hajaligusa tangu azaliwe!"

"Bi Mwamvita, Talha alisema mjomba wake yeye. Mjomba wake Talha."

Mzee Nassibu akaketi taratibu.

"Mjomba wake Talha ni shemeji yangu," alisema. "Na ni kweli analima, yuko Mkuranga. Sasa mambo ya ukoo wangu yameingiaje kwenye kitabu cha shule?"

Madam Felicitas aliwasikiliza wote, akaandika, akatafakari. Alikuwa mtu wa kumaliza mambo. Alipiga marufuku sentensi zote tatu, ya dirisha, ya mjomba na ya ng'ombe, na tangazo likabandikwa mlangoni.

Wakati wa mapumziko shule nzima ilipanga foleni kulisoma. Mpaka Ijumaa hata watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanazijua kwa moyo, kwa matamshi safi. Darasa la tatu sasa hawakuwa na silaha. Basi wakaenda nyumbani wakafungua ukurasa wa kumi na tano wenyewe, bila kuambiwa, wakitafuta kitu kibaya zaidi.

Walikipata. "It is raining in Arusha" ilimliza mtoto mmoja saa nzima. "Please pass the salt" ilitenganisha marafiki wawili waliokaa dawati moja tangu chekechea. Kila Ijumaa Madam Felicitas aliongeza orodha mlangoni, na kila Jumatatu walikuja na kurasa mpya. Wiki ya kumi kitabu kikaisha. Kilichobaki halali ni namba za kurasa, na wakaanza kutukanana kwa hizo.

Gozbert hakuwa na raha. Aliona amewafundisha watoto arobaini na watatu kuchukiana kwa sarufi sahihi. Lakini siku ya mtihani wa mwisho wa muhula waliinamia karatasi kwa nyuso za hasira, wakaandika bila kuinua kichwa. Hakuna aliyepata chini ya themanini.

Madam Felicitas akamwita. "Mwalimu, umetumia mbinu gani?"

"Ile uliyoniagiza, Madam," alijibu, akatoka haraka kabla hajaulizwa ni ipi.

Januari walipanda darasa la nne, naye akapandishwa nao. Siku ya kwanza aliingia akawakuta wametulia, mikono juu ya madawati. Akaogopa. Naima akasimama.

"Ticha, tunaomba utufundishe wakati uliopita."

"Kwa nini?"

"Likizo kuna mtu kanifanyia jambo. Nikitaka kumwambia nashindwa, kwa sababu limeshapita."

"Hata mie ninayo," alisema Talha. "Mengi."

Wengine wote wakaitikia kwa vichwa. Gozbert aliwatazama, akatazama mlango, ambako tangazo jipya lilikuwa bado halijabandikwa. Akafuta ubao. Alipogeuka kuwaambia wafungue madaftari, walikuwa wameshayafungua.