Mikono ya Tatu

"Bado si yeye," alisema Bi Mwatumu, mama wa bibi harusi.

Faraji akashusha mwanga tena. Uso wa bibi harusi kwenye kompyuta ukageuka kijivu, kama jivu la jana. Akaongeza wekundu, ukawa tofali.

"Mwanangu, Tatu hakuwa mgonjwa siku ile."

"Najua, mama."

Alijua sana. Kabla ya kanda ya harusi kukabidhiwa, wifi yake Tatu alikalia kiti hikihiki, hapa studioni Manundu, akaagiza: "Mng'arishe, asitutie aibu." Faraji akamng'arisha, kama alivyowang'arisha wote, kisha akafuta kadi ya kamera, yenye picha za asili, ili akarekodi harusi ya wengine. Sasa Tatu yuko kaburini Mashewa, uzazi umemchukua, na video yake pekee ni hii ya mwanamke mweupe asiye na kwao.

"Mjukuu aliyeniachia ananiuliza, bibi, huyu mzungu ni nani? Nimjibu nini?"

Faraji akajaribu kitufe kingine. Mwanga ukishaila ngozi, hakuna kitufe cha kuutapisha.

Ukutani ilining'inia picha ya babu yake Faraji, mkata mkonge. Mzungu mwenye shamba anaonekana mpaka vifungo vya shati. Wakata mkonge nyuma yake ni macho na meno tu. Aliyeshika kamera hakuona haja ya babu kuwa na uso. Faraji alikua na hasira ya picha ile. Na leo, mjukuu wa yule asiye na uso, kashika mausi, anafuta nyuso za watu wake mwenyewe, na anashukuriwa!

Bi Mwatumu akapandisha mkono wa baibui, akauweka mkono wake kando ya kioo cha kompyuta. "Rangi yake hii. Iga."

Akaiga. Ikakaa usoni mwa Tatu kama tope.

"Umemzeesha," mama akacheka bila furaha. "Angekuzaba kibao."

Faraji akaiacha video iende, kwa kukosa la kufanya. Ikafika kwenye keki. Tatu akanyoosha mkono kumlisha mama yake.

"Simamisha!"

Mkono ulikuwa mweusi, umetulia, hina imekolea kwenye vidole. Faraji aling'arisha uso tu. Mikono hakuna aliyeiagiza.

"Siku zote nilikuwa namtazama usoni," alinong'ona Bi Mwatumu.

Akasogea karibu na kioo. Kipande cha keki kilikuwa kimesimama hewani, kati ya vidole vya Tatu, na mama, bila kujua, alikuwa amefungua kinywa kidogo.