Ukurasa wa Pampu Uliogoma Kufunguka

Mwangalizi wa pampu za maji, ambaye mji mzima ulimwita Mama Bomba, alifika kazini akakuta kompyuta imejisasisha yenyewe, pamoja na kivinjari chake cha kufungulia kurasa za mtandao. Akafungua ukurasa wa kuendeshea pampu. Badala ya kiwango cha tangi, likamtokea onyo: Muunganisho salama umeshindikana.

"Haya, tumeanza," alinong'ona, akikilaani kivinjari kipya.

Akajaribu habari, barua pepe, benki. Zote zikafunguka bila kinyongo. Akachukua simu yake kuukuu, ambayo haijasasishwa tangu inunuliwe, akajaribu ukurasa uleule wa pampu. Ukafunguka! Angeweza kuendelea na simu akanyamaza, ila hakuwa mtu wa kupita tu penye jambo asilolielewa. Akampigia mdogo wa mumewe, fundi wa kompyuta.

"Shemeji, kulikoni asubuhi yote hii?"

"Njoo na akili zako zote, hata zile unazomficha mkeo."

Fundi alikuja, akakagua tarehe ya kompyuta: sahihi. Akafuta kumbukumbu za kivinjari: wapi! Alipotaka kurudisha kivinjari cha zamani, Mama Bomba akakifunika kipanya kwa kiganja.

"Subiri. Hiki kipya kimeona nini ambacho cha jana hakikukiona?"

Fundi akakuna kichwa. Akafungua cheti cha ukurasa, yaani kitambulisho ambacho mtambo wa pampu hujitambulisha nacho, akazitafuta alama zake mtandaoni. Nyusi zikampanda.

"Shemeji, kufuli yako ni ya kiwandani. Kila mtambo wa aina hii umepewa ufunguo uleule, na umeshavuja. Uko hadharani kama nguo kwenye kamba."

"Kwa hiyo mtu angeweza kuiona nywila yangu?"

"Akiwa kwenye mtandao wetu, ndiyo. Kivinjari kimekataa tu kushiriki ujinga huo."

Mama Bomba alikumbuka chumba cha wageni, ambako kila anayesubiri hupewa mtandao huohuo. Na yeye alivyokilaani kile kivinjari!

Akashuka kwenye pampu, akaziendesha kwa mkono, akisoma vipimo kwa macho yake mwenyewe. Huko juu fundi akaweka programu mpya ya mtambo, akatengeneza ufunguo mpya na cheti chake, akabadilisha nywila. Onyo likarudi! Safari hii lilisema cheti kimeshakwisha muda wake.

"Kimekwisha vipi na umekitengeneza sasa hivi?" Mama Bomba aliuliza, akihema kwa kupanda ngazi.

Wakachungulia saa ya mtambo. Ilikuwa nyuma miaka na miaka.

"Huyu bado yuko kwenye harusi yenu!" fundi akacheka. Akairekebisha, akatengeneza cheti kingine. Ukurasa ukafunguka, kiwango cha tangi kikaonekana.

Fundi akanyoosha mgongo, akasema sasa ni zamu ya chai. Mama Bomba hakumsikia. Alishafungua ukurasa wa kamera za getini.

"Na huu je, cheti chake kinasemaje?"