Wakili wa Familia

Nyumbani walimwita binti yao Wakili, naye hakuwa wakili hata chembe. Alikuwa mwaka wa tatu chuoni, idara ya sayansi ya jamii, akisomea elimu ya uhalifu: kwa nini watu huiba, kwa nini mtaa huu una vibaka na ule hauna, kifungo humfanya nini mtu. Sheria zenyewe alizigusa muhula mmoja tu, juu juu, na mtihani wake aliupita kwa taabu.

Mwaka wa kwanza alijaribu kumweleza mama yake.

"Mama, nasomea kwa nini watu wanafanya uhalifu."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Hilo nalo la kusomea? Si njaa na tamaa! We sema tu unasomea sheria, mwanangu, usinifiche."

Basi, jina likamganda. Majirani wakaanza kumletea ugomvi wao wa kuta na mipaka, naye akikunja uso na kusema, "Tutaliangalia." Na tusidanganyane, alipenda. Nani asiyependa kuheshimiwa na watu waliomfuta kamasi?

Kisha mdogo wake akakamatwa. Kijana huyo alikuwa fundi simu, mwenye meza yake ya kioo nje ya duka la madaftari, na askari walikuta simu za wizi kwenye droo yake. Mteja alizileta zifunguliwe nywila, naye akazifungua kama anavyofungua za kila mtu. Kuuliza zimetoka wapi hakuuliza. Mafundi simu hawaulizi. Wakianza kuuliza, watakula nini?

Familia ikakaa sebuleni. Baba mdogo akasema atafutwe wakili, yuko mmoja anayemfahamu karibu na mahakama. Mama akamkata kauli.

"Tunaye wetu humu ndani, tukahangaike na wa watu kwa nini?"

Wote wakamgeukia binti. Hapo ndipo alipopaswa kusema. Neno lilimfika kooni, akaona nyuso zile zilivyojaa matumaini, akalimeza. Akasema tu, "Kesho nitakwenda kumwona."

Kule mahabusu wakazungumza kupitia wavu. Mdogo wake alikuwa amekonda, lakini alipomwona alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Dada! Haya, nifundishe. Niseme nini?"

Angesema hajui, yote yangeishia pale. Badala yake akatoa alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho ni mihadhara. Mhadhiri wao alipenda kusema kwamba anayekiri na kujuta huhurumiwa, na hurudi upesi kwa watu wake. Darasani jambo hilo lilikuwa na grafu nzuri kabisa.

"Usibishane nao," akamwambia. "Wakikusomea mashtaka, sema ni kweli, na unajuta. Watakuachia kwa onyo."

"Lakini mi sikujua kama ni za wizi."

"Hayo utayaeleza baadaye."

"Sawa. We ndiye unayejua."

Siku ya kesi, karani akasoma: kupokea mali ya wizi, hali akijua kuwa ni ya wizi. Kijana akamtazama dada yake, akavuta pumzi.

"Ni kweli, mheshimiwa. Na ninajuta sana."

Mwendesha mashtaka, aliyekuja na mashahidi wake wamejipanga kwenye benchi, akabaki mdomo wazi. Kijana alipotaka sasa kueleza yale ya baadaye, hakimu akamwambia, wala si kwa ukali, kwamba amekwisha kukiri. Miaka mitatu, iwe fundisho kwa wengine.

Binti alikuwa ameandika insha nzima kuonyesha kwamba vifungo vya namna hiyo havimfundishi mtu yeyote kitu. Alipata alama za juu kuliko darasa zima. Alikaa pale kwenye benchi akijichukia.

Ukumbini alimshika mama yake mkono.

"Mama, mimi si wakili. Sisomei sheria, sijawahi. Nilimwambia akubali kwa sababu sikujua. Mimi ndiye niliyemfunga."

Mama alimtazama. Wakati huo askari walikuwa wakimtoa kijana kwa mlango wa pembeni, amefungwa pingu pamoja na wengine. Akageuka, akapaza sauti.

"Dada! Tunakata rufaa, eti?"

"Mjibu," mama akanong'ona.

"Mama, mtu akishakiri, rufaa ni ngumu..."

"Nimekusikia. Mjibu. Huko anakokwenda hana kingine cha kushika."

Binti akajikaza, akatabasamu. "Ndiyo, mdogo wangu! Nimeshaanza kuishughulikia."

Uso wa kijana ukakunjuka. Akapanda gari la magereza akiwaambia wenzake kwamba yule pale ni dada yake, wasiwe na wasiwasi, hata wao atawasaidia.