Marehemu Kitheka wa Ikutha

Mumbua alikasirika hata kabla hajaketi. Chama cha Wakenya kilikuwa kimekodi ukumbi kule Abu Hamour, Doha, kwa ajili ya siku ya utamaduni, na mlangoni kila aliyeingia alipewa kijitabu cha nyimbo, karatasi zinang'aa, bendera juu. Akakifungua akisukumana na watu wa foleni ya biryani. Humo ndani akaukuta wimbo wa baba yake, na juu yake pameandikwa: Wimbo wa jadi wa Wakamba. Mtunzi hajulikani.

Hajulikani na nani? Mzee Kitheka alikuwa hai kabisa, yuko kwake Ikutha, anakula vizuri, anagombana na jirani kwa sababu ya mbuzi. Enzi zake hakuna aliyekwenda soko la Mutomo asimjue. Alikuwa fundi viatu, na nyimbo alizitunga kwa Kikamba cha Kitui, kile kizito ambacho watu wa Machakos hupenda kukicheka. Akishatunga, anampelekea mwenye mashine ya chapa mjini, zinatoka zimekuwa vijitabu vya karatasi duni, pini moja katikati, wino unashika vidole. Siku ya soko alipanda juu ya kreti ya soda akaimba. Akikaribia ubeti wa mwisho, kimya. Anayetaka kujua wimbo unaishaje, anunue kijitabu.

Ubeti huo ndio aliokuwa akitia jina lake na la kwao. Kwa hiyo walionunua walimjua mwenye wimbo, na mabahili waliosikiliza bure wakarudi makwao na wimbo usio na mwenyewe. Sasa wajukuu wa mabahili hao wamefika Doha na kuuita wa jadi! Mumbua akaenda moja kwa moja nyuma ya jukwaa kumtafuta kiongozi wa kwaya, kijana wa kompyuta aliyeitwa Marvin, ambaye ndiye aliyekiandaa kijitabu.

"Marvin, huu wimbo ni wa baba yangu."

"Zii, sista, hiyo ni ya jadi. Babu yangu alikuwa anaiimba akichunga ng'ombe."

"Aliimba hadi wapi?"

Marvin akamwonyesha kwa kidole mwisho wa ukurasa.

"Basi babu yako hakununua kijitabu. Bado ubeti mmoja, na jina la mwenyewe limo humo."

"Lakini vitabu zishaprintiwa, madam. Nifanye nini sasa?"

"Si una maiki? Litaje. Kitheka wa Ikutha."

Marvin akaliandika kiganjani, akaapa kwamba atalitaja. Mumbua akarudi kuketi karibu na Loice, nesi mwenzake wa hospitali ya Al Wakrah, roho imetulia kidogo. Akampigia babake simu ya video ili aone na kusikia mwenyewe. Mzee alitokea karibu mno, pua na jicho moja.

"Tulia hapo, Baba. Leo unatajwa Qatar."

Kwaya ikapanda jukwaani. Marvin akachungulia kiganja, akakohoa.

"Ndugu zangu, kabla ya kuimba, tumkumbuke aliyetuachia wimbo huu, marehemu mzee Kitheka wa Ikutha. Naomba tusimame, tunyamaze dakika moja kwa heshima yake."

Ukumbi mzima ukasimama. Loice naye akasimama, akainamisha kichwa. Mumbua alibaki kitini, na katika ukimya ule sauti ikatoka mapajani pake.

"Mumbua! Mbona wamesimama? Nani amekufa?"

"Ni wewe, Baba."

Akainuka, akapita katikati ya viti akiwa ameinua simu juu. Watu walimpisha. Alipofika jukwaani hakujali nani anamwona.

"Nani alikwambia amekufa?"

"Pole, madam, aki pole. Nilidhani tu, unajua hizi nyimbo za kitambo..."

"Ulidhani! Mtu akitunga kwa lugha ya kwao, lazima awe kaburini ndiyo mumheshimu? Umemnyima jina, nimekuja kukuomba, ukampa pamoja na jeneza!"

Baadhi wakacheka. Mumbua hakuona cha kuchekesha. Akampokonya maiki, akaiweka kwenye simu.

"Waketi," mzee akaamuru. "Sijawahi kuimbia watu wa matanga."

Wakaketi. Akaanza ule ubeti wa mwisho, sauti inakwaruza, pumzi fupi. Kwaya haikuujua, na watu wale wote wenye sare za kitenge wakabaki mikono nyuma wakimsikiliza fundi viatu. Mumbua aliona pumzi zinamwishia babake, akamwomba Mungu amfikishe mwisho. Na alipofika pale penye jina, mtandao ukakwama. Mdomo wa mzee ukaganda wazi kwenye kioo.

"Rudia, Baba!" Mumbua akapiga kelele. "Jina halijafika! Rudia!"

Picha ikashtuka. Mzee hakuimba tena, alifoka.

"Kitheka! Kitheka wa Ikutha! Mmesikia?"

Wakaitika kwamba wamesikia, hadi walinzi wa Kiganda waliokuwa wamesimama kule nyuma, ambao hawakuelewa hata neno moja la wimbo wenyewe.