Kufa kwa Adabu

Siham wa Thamesmead alikuwa ameshakufa mara moja wiki ile, na kilichomuua ni adabu.

Kifo chenyewe kilikuwa cha simuleta, kile chumba kilichoundwa mfano wa helikopta, chenye vioo vinavyoonyesha London na miguu ya chuma inayokitikisa mpaka chai ikupande kooni. Rubani mkuu alikuwa Kapteni Soud, mtu wa Unguja, rafiki wa marehemu babake. Siham ndiye msaidizi. Ukungu ukatanda juu ya mto, Soud akaishusha ndege moja kwa moja kwenye kreni ya wajenzi. Siham akaanza, "Samahani Ami Soud, kama hutojali, pengine tungepanda ki..." Kreni haikungoja amalize. Vioo vikawa vyekundu.

"Nyote maiti," alisema Jasmeet, mwalimu wao, binti wa Southall aliyepata Kiswahili kwa mama yake, mzaliwa wa Nakuru. "Yeye kwa uzembe, wewe kwa heshima."

Sheria ilikuwa nyepesi: rubani mkuu akikosea, msaidizi amwonye mara mbili, asiposikia, amnyang'anye usukani. Siham alipewa jaribio moja tu zaidi. Akishindwa, kiti chake kwenye helikopta ya wagonjwa anapewa mwingine. Lakini ami yako unamnyang'anyaje? Nyumbani kwao mkubwa hakosei, hupitiwa tu.

Siku ya jaribio Jasmeet alimnong'oneza Soud arudie kosa lile lile, tena awe mbishi. Kumwagiza Soud awe mbishi ni kumwagiza bata aoge.

Ukungu, mto, kreni. Siham akaonya. Soud akamjibu kwamba yeye alikuwa akirusha ndege Siham hajaota meno. Akaonya tena. Soud akayasokota masharubu yake, yale anayoyatia piko nyeusi kila Ijumaa kuficha mvi, ili mjukuu wake wa Kingsbury aendelee kumwita anko.

Siham akayatazama yale masharubu. Ami humnyang'anyi kitu, sawa. Lakini babu? Babu ni mtani wako. Unamfichia bakora, unamcheka pengo, na yeye anacheka.

"Babu," akasema, "toa mikono. Naendesha mimi."

Soud aliuachia usukani kama umeshika moto. Ndege ikapanda, kreni ikapita chini ya miguu yao.

"Nani babu?" aliuliza.

"Usinune. Jioni nitakutwangia tambuu, usihangaike kutafuna."

Nyuma yao Jasmeet alikuwa ameinamia vitufe vyake, mabega yanacheza. Alipopata pumzi alimtangazia Siham kwamba kiti ni chake. Soud alilalamika kwamba hakushindwa kihalali, ameviziwa, hakuna aliyemsikiliza.

Kufika Jumatatu, mafundi wa karakana, Waingereza watupu, walikuwa wakimwita Kapteni Babu. Walidhani ni cheo. Mmoja alimpigia na saluti, na Soud, baada ya kufikiri kidogo, akaipokea.

Piko bado anatia.