Foleni ya Kwenda Samar

Serikali inaiita barabara kuu ya taifa. Inatoka Manila, inashuka kisiwa chote cha Luzon mpaka baharini, halafu eti inaendelea ng'ambo, kisiwa cha Samar. Katikati ni maji, na juu ya maji ni feri, ikipenda.

Mama alitaka kitu kimoja tu: akate roho kwake Samar, nyumbani. Madaktari wa Manila walikuwa wameshanyoosha mikono. Kaka yangu Crisanto akaazima gari la kubebea mboga, tukamtandikia mama godoro nyuma.

Tungewahi. Lakini tulipofika mkoa wa Bicol, mama akagoma kupita bila kuwanunulia majirani kashata za njugu.

"Nirudi mikono mitupu? Watanisema!"

"Mama, wewe unaumwa," nikamwambia.

"Naumwa, sijawa bahili."

Tukacheka, tukasimama. Nani wa kwetu anarudi nyumbani bila zawadi? Tulipofika bandarini, askari ndiyo kwanza anafunga geti. Kimbunga kimetangazwa, feri marufuku.

Tukalala kwenye foleni katikati ya malori, na siku iliyofuata tukalala tena. Mvua ilipokatika, milima ya Samar ikaonekana wazi ng'ambo ya maji. Nikamwinua mama aione.

"Mbona hatufiki?" akauliza.

Nililia mbele yake, sikujali.

Hatimaye feri zikaruhusiwa. Malori ya nguruwe yakatangulizwa. Crisanto akamfuata askari wa geti.

"Afande, mama yangu mahututi!"

"Kila gari hapa lina mgonjwa, bosi. Nguruwe wanakufa kwa joto. Subiri zamu yako."

"Kwa hiyo nguruwe ni bora kuliko mama yangu?"

"Sheria sikuzitunga mimi."

Aliporudi, mama alikuwa ameshakufa, kidole changu bado kiko mkononi mwake. Crisanto akapiga yowe, askari akaja mbio. Akachungulia nyuma ya gari, akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba.

"Poleni sana. Maiti haipangi foleni. Washa gari, bosi, mnatangulia nyinyi."

Malori yakasogezwa pembeni, hata yale ya nguruwe. Madereva wakashuka, wakasimama wameinamisha vichwa. Njia ikawa nyeupe mpaka mlangoni mwa feri. Niliwachukia wote kwa heshima ile.